Hilux inalala upande wa dereva: nivo ya maji, malame, na bolti ambayo haikupaswa kuguswa

DerevaWaPanzi

Wakubwa zangu, salamu kutoka Bukavu. Nina pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1999, nne kwa nne, dizeli, usukani kushoto. Mbele ina baa za torsio, zile fimbo ndefu za chuma zinazosokotwa badala ya risori (springi) za duara. Nyuma ina malame, yale mabapa ya chuma yaliyopinda na kupangwa moja juu ya jingine. Ndiyo inayonilishia watoto: wiki hii saruji kwenda Walungu, wiki ijayo mihogo kutoka Nyangezi.

Tangu masika gari linalala kushoto, upande wangu. Lilianza kidogo kidogo hadi abiria wakaanza kuniambia. Nikalipeleka kwa fundi. Hakupima chochote. Alisimama mbele ya gari, akafumba jicho moja, kisha akaingia chini na kukaza bolti ya baa ya torsio ya kushoto mizunguko sita. Gari likasimama sawa, nikalipa, nikaondoka na furaha.

Furaha yenyewe haikufika Jumamosi. Nilipakia mifuko kumi ya saruji ya kilo 50, na nyuma kushoto gari likalala zaidi ya zamani. Halafu kuna jambo linalonitia hofu kweli: nikikanyaga breki kwenye udongo uliolowa, usukani unavuta kushoto na gurudumu la mbele kulia linateleza kabla ya mengine. Awali halikuwa na tabia hiyo.

Fundi anasema sasa tuongeze vipande vya chuma chini ya malame ya kushoto. Kabla sijakubali, nawauliza. Vipimo vya leo, gari likiwa tupu, kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi:

Mbele kushoto 48.5, mbele kulia 48.
Nyuma kushoto 48.5, nyuma kulia 49.5.

Zote ni sentimita.

KadutuJuu

Amotisa (shokapu) zimekufa. Badilisha zote nne, gari litasimama.

PapaNyangezi

KadutuJuu, mdogo wangu, nisamehe, hapo hapana. Amotisa haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mrukoruko. Ukizing'oa zote nne, gari litabaki kwenye urefu uleule na litacheza kama mtumbwi. Zile zenye gesi huinua kidogo sana, lakini hazibebi saruji. Watu wengi hapa mjini wamemaliza pesa kwenye amotisa huku lame iliyovunjika imekaa kimya palepale.

DerevaWaPanzi, nimefanya kazi ya chuma na magari miaka mingi, acha nikuulize kwanza: hivyo vipimo umevichukulia wapi? Kama ni mbele ya nyumba Panzi, sivipokei. Mji wetu wote ni kilima. Gari likisimama kwenye mteremko wa ubavu, uzito unahamia upande wa chini, na risori za upande huo zinashuka hata kama ni mpya. Barabara ya lami nayo imechongwa imwage maji pembeni, na sisi tunaopita kulia tunaegesha upande unaoshuka kulia.

Kipimo cha bure: pima hapo ulipo, kisha geuza gari liangalie ulikotoka, magurudumu yakanyage palepale, upime tena. Kama ulalo umegeuka nao, kosa ni la kiwanja. Kama umebaki upande wa dereva, ni la gari.

DerevaWaPanzi

Mzee, ahsante. Nimegeuza. Nyuma kulia sasa ni 50, nyuma kushoto 48. Mbele kushoto 48, kulia 48.5. Kumbe kiwanja changu kilikuwa kinanificha karibu nusu sentimita.

PapaNyangezi

Umeona? Sasa tafuta mtu anayejenga, muazime nivo ya maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani ambao waashi wanautumia kupima msingi. Maji hayadanganyi umbali wowote, mradi mpira hauna mapovu ya hewa. Chora alama nne chini mahali magurudumu yatakapokanyaga, pima kila moja, palipo chini weka ubao hadi zote zilingane.  Kazi hiyo ni ya nusu saa, na itakuokolea mwezi mzima.

Halafu haya:

Upepo wa matairi kwanza, na saizi zake. Nimekuta gari lenye tairi tatu za saizi moja na ya nne ya saizi nyingine. Kipimo cha kitovu hadi madigadi hakitakuonyesha hilo, kwa sababu tairi iko chini ya kitovu. Kwa hiyo pima pia kutoka ardhini hadi shasi.

Ondoa mzigo, jeki, magurudumu ya akiba, kila kitu. Andika dizeli iko kiasi gani. Tenki likiwa limejaa lita 65, hizo ni karibu kilo 55 upande mmoja. Ukiongeza dereva, ulalo wa nusu sentimita hadi moja si ugonjwa.

Ukishusha gari kutoka kwenye jeki, usipime papo hapo. Magurudumu ya mbele yanakuwa yamebana ndani na yanalishika gari juu. Sogeza mbele na nyuma mita chache, bonyeza kila pembe mara tatu, ndipo upime.

MamaSambaza

Samahani, mimi si fundi, ni mfanyabiashara. Ninakodi pikapu kubeba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na unga. Dereva wangu naye gari lake linalala kushoto, na siku zote ananiambia mizigo mizito ikae kulia ili gari lilingane. Je, hiyo ni dawa?

DerevaWaPanzi

Mama, nimefanya hivyo hivyo miezi miwili. Nilikuwa naweka mifuko sita kulia, minne kushoto.

PapaNyangezi

Mama, heshima yako. Hiyo si dawa. Risori ya kulia, ambayo ilikuwa nzima, sasa inabeba kazi ya mbili. Baada ya miezi nayo italegea, na gari litasimama sawa kwa sababu pande zote mbili zimekufa. Mwambie apakie katikati, na mizigo mizito ikae mbele ya ekseli ya nyuma, si kwenye mkia.

DerevaWaPanzi, swali kwako: ulalo unaongezeka na mzigo, au unabaki kipimo kilekile?

DerevaWaPanzi

Unaongezeka, Mzee. Tupu tofauti ya nyuma ni kama sentimita 1.5. Nikiwa na kilo 500, nyuma kushoto 40, nyuma kulia 44.5.

PapaNyangezi

Basi karibu umejijibu. Risori iliyolegea tu, kwa maana imepoteza upinde lakini chuma bado kina nguvu, inakaa chini kwa kipimo kilekile, tupu au na mzigo. Risori iliyopungua nguvu, lame imevunjika au imetolewa, inazidi kuzama kila unapoongeza mzigo. Yako ni ya pili, au zote mbili pamoja.

Lakini tusikisie kama yule fundi alivyokisia. Pikapu ni meza ya miguu minne. Mguu mmoja ukiwa mfupi, meza inaegemea, na ukiangalia kwa jicho hujui ni mguu wa mbele au wa nyuma. Kwa hiyo igeuze iwe meza ya miguu mitatu. Meza ya miguu mitatu haiyumbi.

Weka kabari magurudumu ya nyuma, yote mawili, mbele na nyuma yake. Weka jeki ya mbele chini ya boriti ya shasi, katikati kabisa, na kipande cha mbao juu yake. Inua hadi magurudumu ya mbele yaelee. Sasa mbele gari limekaa kwenye nukta moja, linaweza kuzunguka kushoto na kulia lenyewe. Kinachoamua ulalo ni malame ya nyuma peke yake. Pima nyuma. Kama nyuma imelingana, ugonjwa uko mbele. Kama bado imelala, ugonjwa uko nyuma.

Kisha geuza: jeki nyuma, katikati ya boriti ya mwisho ya shasi, na upime mbele.

Angalizo mbili. Jeki isikae chini ya difu. Ukiinua difu unainua ekseli, na malame bado yamelishika shasi kulia na kushoto. Kipimo kitakuwa bure. La pili ni uhai wako: gari likiwa kwenye nukta moja, hakuna mtu kuingia chini, hata mkono. Unapima kutoka nje. Ukitaka kuingia chini, weka vigoda vya chuma.

KadutuJuu

Mzee, nimejifunza. Lakini kama kosa liko nyuma, kwa nini kukaza bolti ya mbele kulinyoosha gari?

PapaNyangezi

Swali zuri sana, na ndilo linaloua watu. Ukiinua pembe ya mbele kushoto, shasi nzima inazunguka kuelekea kulia. Nyuma kushoto inapanda kidogo, nyuma kulia inashuka. Kwa macho, gari limenyooka. Lakini uzito umehamia kwa mshazari: mbele kushoto na nyuma kulia zinakandamizwa zaidi, mbele kulia na nyuma kushoto zinakuwa nyepesi. Ni kama kuweka karatasi chini ya mguu wa meza usio mfupi.

Sasa kumbuka alichosema mwenzetu kuhusu breki. Breki za mbele zinabana sawa kulia na kushoto, lakini gurudumu la kulia halina uzito wa kutosha wa kushika ardhi, hasa kwenye udongo wetu mwekundu mvua ikinyesha. Linakwama na kuteleza mapema. La kushoto linaendelea kushika, usukani unavutwa kushoto. Yule fundi hakunyoosha gari. Aliuchukua ugonjwa wa nyuma akaupeleka kwenye breki za mbele.

DerevaWaPanzi

Nimesoma hayo nikakaa chini. Kesho siendi Walungu.

DerevaWaPanzi

Nimerudi, siku mbili baadaye. Jirani ana bohari yenye sakafu ya zege, nivo ya maji ikaonyesha gurudumu moja tu linahitaji ubao wa sentimita 2.

Jeki mbele, katikati: nyuma kushoto 48, nyuma kulia 51. Sentimita tatu nzima, na mbele hakuna kinachoingilia. Ugonjwa uko nyuma.

Jeki nyuma, katikati: mbele ikalala kulia. Yaani kushoto iko juu kuliko kulia, kwa ajili ya ile mizunguko sita. Nikapima uzi wa bolti unaoonekana pande zote mbili, kushoto ulizidi karibu sentimita moja. Nikainua mbele, nikaweka vigoda, magurudumu yakaning'inia, nikapaka grisi kwenye uzi, nikarudisha mizunguko sita nikihesabu kwa sauti. Nikapima tena: tofauti ya mbele nusu sentimita tu. Mbele haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Kisha nikafungua malame ya kushoto. Nilipoondoa mabridi, zile nondo za umbo la U, na ile sahani yake, lame ya tatu ikaachana vipande viwili mkononi mwangu. Imevunjika kwenye tundu la bolti ya katikati, mahali ambapo huwezi kuona kama hujafungua. Kutu ndani ya ufa ilikuwa nyeusi, ni ya muda mrefu. Nilikuwa nashuka mteremko wa Ngomo na watu juu ya mizigo, lame iko hivyo.

MamaSambaza

Mungu ashukuriwe. Nimempa dereva wangu simu asome uzi huu wote.

DerevaWaNgomo

Pole sana kaka. Njia ya Bukavu–Kamanyola naijua, kule hakuna pa kufanyia makosa.

Mimi naongeza la kwangu. Usikubali vile vipande vya chuma chini ya malame bila kuangalia breki. Hilux nyingi nyuma zina valvu ya breki inayosoma mzigo: iko kwenye shasi, na kijiti chake kinashuka hadi kwenye ekseli. Gari likizama kwa mzigo, kijiti kinasukumwa, valvu inafungulia breki za nyuma. Gari likiwa tupu na liko juu, valvu inazipunguzia nguvu ili zisikwame.

Mimi niliinua nyuma sentimita 5 kwa vipande vya chuma. Kijiti kikadhani gari ni tupu siku zote. Nikishuka na mzigo, breki za mbele zilikuwa zinafanya kazi peke yake, zikanuka moto hadi nikasimama. Fundi wa Uvira ndiye aliyenionyesha: shikizo la kijiti lilipaswa kurekebishwa lifuate urefu mpya.

FundiWaBagira

Wakubwa, mimi ni fundi, nataka kusema machache kwa upande wetu. Mteja anakuja na pesa kidogo, anataka gari jioni hiyo hiyo. Kufungua malame ni kazi ya nusu siku, kukaza bolti ni dakika tano. Simtetei aliyekosea. Ila mkitaka tupime, mtupe muda wa kupima.

Kuhusu lame iliyovunjika: usiichomelee. Chuma cha risori kimepikwa na kupozwa kwa namna yake ili kipinde na kurudi. Moto wa kuchomelea unaharibu hilo, kitavunjika pembeni ya mshono. Wala usikubali mtu apashe lame moto hadi iwe nyekundu ili aongeze upinde. Inapanda leo, baada ya safari chache imelala tena.

Ukinunua malame ya mtumba, nunua ya pande zote mbili, kutoka gari moja. Yalaze mgongo kwa mgongo ulinganishe upinde kabla hujatoa pesa. Hesabu idadi na pima unene. Baadhi ya Toyota zimetoka kiwandani na risori tofauti kulia na kushoto, ule upande wa dereva umeinuliwa kidogo kwa ajili ya uzito wake. Hapo kuna mtego: gari la usukani wa kulia likikatwa vipuri, risori yake ya dereva ni ya kulia. Ukiifunga kulia kwenye gari letu la usukani wa kushoto, umeongeza ulalo wewe mwenyewe.

Na hili mafundi wengi tunalisahau: bolti za jumele, vile vishikio vya mwisho wa nyuma wa lame, na za jicho la mbele la lame, zenye silambloki (bushi) ya mpira, zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake. Ukizikaza gari liko hewani, mpira unashikwa kwenye pozi la kuning'inia. Ukishusha, mpira unajisokota, unalizuia gari kushuka upande huo, na baada ya miezi unachanika.

PapaNyangezi

Fundi, hapo mwisho umesema jambo ambalo ningetaka kila garaji ya mji huu ilisikie. Na umesema kweli kuhusu muda.

MlimaKabare

Mimi nina Land Cruiser 79, mbele risori za duara, si torsio. Inalala kama sentimita 1.5 kushoto, tupu na mzigo sawasawa. Jirani ana Hilux ya kizazi cha 2005, nayo ina risori za duara mbele. Tunaweza kuweka spesa, kile kipande cha kuinulia risori?

FundiWaBagira

Ulalo usiobadilika na mzigo ndio spesa inaweza kuusaidia, ila kwanza fanya kipimo cha miguu mitatu kama wenzako. Angalia pia mipira kati ya karoseri na shasi. Kama shasi imelingana na kabini peke yake imelala, mipira ndiyo imekufa, na hakuna spesa itakayosaidia. Dalili yake: angalia nafasi kati ya kabini na boksi la nyuma, kama ni pana juu na nyembamba chini, au upande mmoja umeshuka.

Kwa 79, ekseli ya mbele ni moja nzima, spesa ya sentimita 1 inainua karibu hiyohiyo. Kwa Hilux ya jirani yako ni hesabu nyingine. Risori imekaa pamoja na amotisa ndani ya mkono wa chini, karibu na shasi kuliko gurudumu. Spesa ukiiweka juu ya mkusanyiko huo, gurudumu linapata karibu mara mbili. Anayetaka sentimita 1 aweke milimita 5. Na risori hiyo isifunguliwe bila kibano chake, ina nguvu ya kuua mtu.

Yeyote anayegusa urefu wa mbele, torsio au spesa, amalizie kwa paralelismu, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Magurudumu yamebadilisha pembe. Usipofanya, tairi zitaliwa upande mmoja.

DerevaWaPanzi

Wiki tatu baadaye, narudi na vipimo.

Nilipata malame mawili kutoka Hilux moja ya usukani wa kushoto, iliyogongwa mbele. Tuliyalaza mgongo kwa mgongo palepale sokoni, tofauti haikufika upana wa kidole. Bolti za katikati mpya, mabridi mapya, silambloki mpya. Nilimpelekea FundiWaBagira kazi hiyo, akapewa siku nzima, na akakaza jumele gari likiwa chini, mimi nikiwa nimekaa kwenye usukani.

Siku ya kwanza, tupu, tenki nusu: mbele 47.5 na 48, nyuma 51 na 51.5. Leo malame yamekwisha kaa: nyuma 50.5 na 51. Na mifuko kumi ya saruji, imepangwa katikati: 44 na 44.5. Mabridi tuliyakaza tena baada ya siku nne za kazi, moja lilikubali robo mzunguko.

Nikikanyaga breki kwenye udongo uliolowa, usukani unabaki katikati.

DerevaWaNgomo

Kijiti cha valvu mlikiangalia? Nyuma imepanda kuliko ulivyoizoea.

DerevaWaPanzi

Tulikiangalia. Shikizo lilikuwa limepindwa, nadhani aliyekuwa na gari kabla yangu alilipinda ili lifuate ule ulalo. Tumelinyoosha, tukapima urefu wake gari likiwa tupu, tukajaribu breki kwenye tambarare ya Kavumu mara mbili, tupu na kisha na mzigo. Jumatatu nashuka Ngomo.